Iko Kwenye Chaji

Benchi lenyewe ni ubao mmoja uliolazwa juu ya matofali, kati ya mlango wa Kinyozi na kibanda cha Bisibisi, fundi simu. Umeme wote wa pale unatoka kwa Kinyozi. Waya mmoja unapita dirishani, unashuka mpaka kwenye ekstensheni iliyo chini ya benchi, na hapo kila mtu anajichomekea: Bisibisi na vifaa vyake, Mama Kahawa na birika lake la umeme, wengine na simu zao. Ukikaa siku mbili tu, ratiba unaijua. Birika likianza kuunguruma, Kinyozi anazima mashine ya kunyolea, anamwacha mteja na kitambaa shingoni, anatoka nje kusubiri kikombe. Wenyewe wanaita mapumziko.

Siku hiyo Bisibisi hakuwa na raha. Mapajani kapakata laptopu ya dada yake iliyogoma kuchaji tangu juzi, na saa nane mchana dada mtu ana usaili wa kazi, ule wa kuonana kwa video. Kazi ya kujibu wateja kwenye simu huku umekaa nyumbani na mtoto wako mchanga. Ameitafuta kazi ya namna hiyo tangu mtoto yuko tumboni. Alitaka kuipeleka laptopu kwa mafundi wa kompyuta wenye maduka ya vioo, Bisibisi ndiye aliyemkatalia. Akamwambia, mimi mdogo wako nipo, unakwenda kwa watu baki kufanya nini? Niachie.

Na kweli kazi aliifanya. Asubuhi na mapema, kabla Mama Kahawa hajafika, aliifungua, akakuta tundu la chaja limelegea, akalichomelea upya mpaka likakaza. Sasa saa saba imepita, birika linaunguruma, ameifunga, amechomeka chaja, na taa haiwaki. Akahamia soketi ya ndani kwa Kinyozi, giza. Akarudi chini ya benchi, giza vilevile. Na simu ya jamaa waliyembatiza Redio, iliyochomekwa ubavuni, inachaji bila wasiwasi wowote, kwa hiyo umeme upo.

Redio ni mlinzi wa usiku ambaye asubuhi badala ya kulala huja kuongea. Alichungulia laptopu, akamwambia Mama Kahawa amwongezee, maana mada ilikuwa nzito. Mama Kahawa akaongeza maji kwenye birika bila kulizima.

— Dada yako anapiga picha sana? Redio aliuliza.

— Za mtoto. Kwani vipi?

— Basi umeipata hiyo. Picha zimejaa humo ndani, umeme utakaa wapi?

Wakili akacheka mpaka akamwaga kahawa. Huyu anauza viatu vya mitumba. Uwakili alipewa na benchi kwa sababu hajawahi kushindwa ubishi wala kushinda. Alisema picha hazina kosa. Watengenezaji huko kwao wanajua laptopu yako ina umri gani, ikifika miaka waliyoipangia wanaizima kutoka angani, wewe unabaki kumlaumu fundi. Redio akauliza angani wapi. Wakili akanyoosha kidole juu, na benchi zima likatazama.

Kinyozi, ambaye alikuwa ameshatoka nje kwa mapumziko yake, akaleta la kwake. Yeye alidhani chaja na laptopu zikikaa pamoja muda mrefu zinachokana, kama watu tu. Zitenganishwe kwanza, moja ilale kwake, nyingine ilale kwa mama yake. Mama Kahawa akamuuliza kama hayo ameyasoma au yamemkuta. Kinyozi akanywa kahawa.

Simu ya Bisibisi ikaita. Dada.

— Imefikia wapi, mdogo wangu?

Bisibisi akaitazama taa iliyokufa.

— Iko kwenye chaji.

— Asante. Namfunga mtoto mgongoni nakuja.

Akakata simu, na benchi lote likaangalia pembeni kwa adabu. Hakusema uongo, chaja imechomekwa kweli. Lakini aliona kabisa dada yake akifika, akisema hamna neno, na akitabasamu ili yeye asijisikie vibaya. Hilo tabasamu ndilo alilokuwa akiliogopa.

— Nikwambie ukweli, Bisibisi? Wakili akasema, sasa amenogewa. Hicho kidude kina akili. Kimeshakujua wewe ni fundi wa simu. Hakiwezi kukufungukia.

Bisibisi akachukua bisibisi yake, akaanza kulegeza skrubu upya. Mama Kahawa akaona mambo yamekuwa makubwa, akajaza birika mpaka mdomoni.

Hapo ndipo mteja wa Kinyozi alipotoka ndani. Alikuwa mgeni mtaa ule, kitambaa bado shingoni, upande mmoja wa kichwa unang'aa, upande wa pili nywele tele. Aliwasalimia vizuri kabisa, kisha akauliza:

— Samahani wakubwa. Kwa nini kahawa ikichemka mimi sinyolewi?

— Mapumziko, Kinyozi akamjibu.

— Ndiyo, lakini kwa nini?

— Kwa sababu birika likiwaka mashine inakosa nguvu. Inaguna tu, inang'oa nywele badala ya…

Sentensi haikumalizika. Kinyozi alilitazama birika. Redio naye akalitazama. Bisibisi aliacha skrubu ikaanguka, akaikumbuka asubuhi, benchi tupu, kichomeleo kimeiva vizuri, na Mama Kahawa bado yuko njiani.

— Mama, akasema polepole, hebu lizime.

— Halijachemka.

— Mama yangu, nakuomba.

Mama Kahawa akainama, akachomoa. Mlio wa birika ukafifia, na ubavuni mwa laptopu taa ndogo ya njano ikawaka. Ikatulia. Bisibisi hakuigusa, aliogopa hata kupumua karibu yake. Wakili akasema kwa sauti ya chini kwamba huko angani wameona aibu.

Dada alifika jasho likimtoka, saa nane imebakiza dakika chache. Kurudi nyumbani hakuwezekani tena. Kinyozi akafagia nywele, akageuza kiti kikaupa mgongo ukuta mweupe, akaondoa kalenda yenye picha ya mashati. Mtoto akapokewa na mteja wa nusu kichwa, maana ndiye pekee aliyekuwa hana la kufanya. Laptopu ikaingizwa ndani, waya wake ukibaki kwenye ekstensheni, mlango ukarudishwa.

Nje, ubishi hapana, kwa kuwa sauti ingeingia ndani. Kahawa hapana. Redio alifungua mdomo mara kadhaa, kila mara Mama Kahawa akamwonyesha kijiko. Kutoka ndani ilisikika sauti ya dada, kwanza nyembamba, halafu ikanyooka. Halafu akacheka, na mtu mwingine kwenye laptopu akacheka naye. Bisibisi aliinama akaishika ekstensheni kwa mikono miwili, kana kwamba umeme ungeweza kuteleza.

Mlango ulipofunguliwa, dada alisimama kizingitini akiwatazama wote.

— Wamesema Jumatatu nianze mafunzo. Kwani ilikuwa na nini?

Redio akatazama vidole vyake. Wakili akakung'uta kiatu kisicho na vumbi.

— Tundu la chaja lililegea, Bisibisi akasema. Nimelikaza.

— Nilijua utaliweza, dada akasema, akamchukua mtoto.

Bisibisi akamgeukia Mama Kahawa, uso wote meno.

— Mama, washa birika. Leo wote wanakunywa.

Mteja akapapasa upande wake wenye nywele.

— Na mimi?