Hatua Mbili za Marehemu Garama Kai

Marehemu Garama Kai aliagiza wasifu wake usomwe bila kupunguzwa neno. Mliomjua mnajua hakuwa mtu wa kubishana naye, kwa hiyo bintiye Lavender, anayewasomea haya, ametii.

Alizaliwa tarehe 9 Machi 1962 huko Bamba, mtoto wa tatu wa marehemu Mzee Kai Gona na marehemu Mama Sidi. Alisoma hapo hapo Bamba kuanzia mwaka 1970 mpaka darasa la saba. Kila asubuhi alihesabu hatua zake mpaka darasani. Siku mwalimu alipopoteza kamba ya kupimia kiwanja cha mpira, Garama alikipima kwa miguu, akakosea kwa upana wa kiatu tu. Kiatu chenyewe hakuwa nacho.

Mwaka 1984 alikuja Mombasa, akawa kibarua, kisha mpiga vigingi wa wapimaji wa barabara. Alipokwenda kuposa alipima ua wa wakwe kwa hatua, hata wakadhani amekuja kununua shamba. Walimpa mke vivyo hivyo. Yeye na Kafedha walifunga ndoa tarehe 12 Agosti 1989, wakajenga hapa Mishomoroni.

Sasa linakuja lile alilotaka lisomwe. Mwishoni mwa mwaka 2009 barabara hii ilipokuwa ikitengenezwa, ramani ilikuwa na njia ya waenda kwa miguu, upana wa hatua mbili, kuanzia stendi hadi shuleni. Msimamizi alitaka magari yapate pa kuegesha mbele ya maduka. Akamwambia Garama avisogeze vigingi, na Garama akavisogeza kwa mikono yake. Alijiambia kwamba watu watapita tu, siku zote wanapita.

Tarehe 15 Juni 2010, siku ya Jumanne, Jafar wa Bi Asmaa, mtoto wa miaka minane, alikuwa akienda shule. Alikuta gari limeegeshwa, akashuka barabarani alizunguke. Lori la maji likamgonga, akafa pale pale. Alikuwa jirani yetu, na hakuwahi kumpita Garama bila shikamoo. Dereva alishtakiwa. Vigingi hakuna aliyeviulizia.

Mwezi huo Garama aliacha kazi. Akaanza kufyatua vibao vya saruji vya kutandika njia nyuma ya nyumba na kuingia duka hadi duka akiomba, “Nipe hatua mbili tu.” Watu wakamcheka, wakamwita Mzee Hatua Mbili. Anwar wa duka la rangi alimkatalia miaka minne, mpaka mamake mwenyewe alipoanza kutembea na mkongojo. Garama alipanda miarobaini ya kivuli, akasimamisha mabomba yaliyojazwa zege ili magari yasipande. Ilipofika mwaka 2019 njia ilikamilika, hatua elfu moja mia moja na arobaini. Leo mama anasukuma kigari cha mtoto toka stendi hadi shuleni bila kukanyaga lami.

Sisi tulijivuna. Yeye alikuwa halali vizuri. Kila alipotembea kwenye njia ile alisikia champali za miguu ya mtoto zikipiga chini nyuma yake. Alisimama, akageuka, akamuuliza Mama, “Wasikia?” Mama hakusikia kitu. Akawa anatembea ukingoni kabisa, upande wa barabara, na upande wa ndani hamruhusu mtu. Ukijipenyeza hapo, anakuvuta mkono. Tulidhani ni uzee.

Ugonjwa wa sukari ulimwanza mwaka 2016. Mwaka 2023 alikatwa mguu wa kulia, akaendelea kuipita njia yake kwa magongo, ukingoni vile vile. Figo zilipolegea Januari hii, alimwita Lavender, akamweleza habari ya vigingi. Alisema mara nyingi alifika mlangoni kwa Bi Asmaa, akapiga hodi, na mlango ulipofunguliwa akaulizia chumvi. Alifariki nyumbani Jumapili, tarehe 2 Februari 2025, saa kumi na moja alfajiri.

Juzi Lavender alikwenda kwa Bi Asmaa kumwomba ruhusa ya kusoma haya. Bi Asmaa akasema, “Nalimuona aking’oa vile vigingi. Nalikuwa nikiuza mahamri pale. Miaka yote hii nangoja aniambie, yeye aniomba chumvi.”

Lavender alilia. Bi Asmaa akamwambia asome, naye atakuwepo. Hakusema kwamba amesamehe, na familia haikumuuliza. Alipomsindikiza mlangoni alisema jambo moja tu: “Mukimbeba, musisongamane. Mwanangu muachieni upande wa ndani, kama alivyokuwa akimuachia.”

Marehemu amemwacha mjane, Kafedha. Watoto Lavender, Fidel na Gona. Na wajukuu watano.

Gari litakalompeleka Bamba linangoja kule shuleni. Mpaka hapo tutambeba mabegani, juu ya vibao vyake, ukingoni. Tunaomba mtu yeyote asipite upande wa ndani. Mungu ampumzishe Garama Kai, na yule aliyekuwa akimfuata apumzike naye.