Papa Alisimama Ng'ambo ya Barabara

Wapendwa, amani iwe humu ndani. Mama mchungaji amenipa kipaza sauti na kuniomba niwe mfupi. Nitajaribu. Wengine wenu mlishaniona kwenye simu zenu, nimesimama mbele ya watu nimeduwaa, mdomo umefungwa. Leo mtanisikia nikisema.

Chuoni nilikuwa na rafiki, msichana Mzulu, tukikaa pamoja darasani tangu siku ya kwanza. Mchana mmoja tulikuwa mtaa wa Jeppestown tunanunua magwinya, yale maandazi ya hapa. Wanaume wawili wakagombana kuhusu nafasi ya kuegesha gari, mmoja akatoa bastola, akafyatua. Hakumlenga rafiki yangu, lakini ndiye aliyeanguka, pembeni yangu, gwinya bado liko mkononi mwake. Na ile bastola, ndugu zangu, ilikuwa na leseni. Mwenyewe aliwaambia polisi aliinunua ya kujilinda.

Sisi wanafunzi tukaanza kuandamana. Tulitaka sheria ibane leseni, mtu asipewe bastola kwa kusema tu kwamba anaogopa. Mimi nikawa msemaji. Nyumbani, hapa hapa Troyeville, ndipo ugomvi ulipoanza. Papa, baba yangu, ni mlinzi wa ghala moja upande wa Turffontein. Wezi waliwahi kumvamia, na kama asingekuwa na bunduki ya kampuni tungemzika. Aliponikuta sebuleni naandika bango, aliweka kikombe chini.

"Binti yangu, mimi niko hai kwa sababu ya kitu unachokipinga."

"Na rafiki yangu amekufa kwa sababu yake, papa."

"Basi tutaonana barabarani."

Nilidhani ni hasira tu. Siku ya maandamano tukakusanyika karibu na robot, zile taa za barabarani, na ng'ambo ya barabara wakasimama wanaotupinga: walinzi, wenye spaza, yale maduka madogo ya mitaani, hata wanafunzi wa chuo chetu. Bango lao moja lilisema, "Polisi wanachelewa. Bastola yangu haichelewi." Katikati yao alikuwa papa, amevaa koti lake la Jumapili.

Nikainua kipaza sauti. Kabla sijafungua mdomo, mtu mmoja wa upande wao akapaza sauti, "Hamba, ondoka, rudi kwenu Kongo, ukawafundishe wao sheria." Papa alimgeukia yule mtu, kisha akaniangalia mimi. Sauti ikakatika. Wenzangu walisubiri, mimi nikasimama pale kama mti, na mtu akanirekodi.

Mnajua simu zilivyo. Nilichekwa na wenyeji, nikachekwa na wageni wenzangu. Humu kanisani pia, sitaficha, kuna waliosema mgeni anatafuta nini kwenye mambo ya wenyewe. Nikaacha chuo. Nikawa nafagia nywele kwenye saluni ya mama, nikisikia mlango nageukia ukuta. Na papa tukawa hatusemeshani.

Siku moja mama wa marehemu rafiki yangu akaingia saluni. Alikaa kwenye kiti mbele yangu, akavua kitambaa, akasema anataka kusukwa na mimi. Nikaweka ufagio chini, nikaanza kuzigawa nywele zake.

"Unajificha kwa ajili ya mwanangu?" akaniuliza.

"Ninaona aibu, mama."

"Aibu iwe ya yule aliyefyatua. Watu wa serikali wanakuja kusikiliza maoni kuhusu sheria ya silaha. Mimi nitakaa mstari wa mbele. Nataka nikusikie."

Nikaenda. Ukumbi ulijaa, pande zote mbili. Nilipoitwa, mwanamume mmoja akasimama, akasema huyu si mwananchi, hana haki ya kusema hapa. Mwenyekiti akasita. Mimi nikaanza kugeuka nirudi kitini. Ndipo nikasikia sauti ninayoijua kutoka nyuma.

"Huyo ni binti yangu," papa alisema. "Sikubaliani naye hata neno moja. Nimekuja hapa kumpinga. Lakini nitampinga akishamaliza kusema."

Mwenyekiti akaniashiria niendelee. Nikasema. Nikaeleza nilichokiona Jeppestown, yote, nikimwangalia yule mama. Nikasema risasi ya mwenye leseni ilimuua mtu aliyekuwa na njaa ya magwinya tu. Nikasema nimekulia mji huu, nimezika rafiki kwenye udongo wa mji huu, na anayetaka ninyamaze atanivumilia. Kisha papa akapanda, akanipinga, na, eish, alinipinga vizuri.

Sheria haijabadilika. Mimi nimerudi chuoni, papa bado anashika bunduki kazini, na mezani tunabishana mpaka mama anatufukuza. Lakini tunasemeshana.

Ninamshukuru mama yule aliyekuja kusukwa. Ninawashukuru wanafunzi wenzangu walioniwekea nafasi yangu. Ninamshukuru mama yangu, aliyeniacha nifagie bila kuniuliza kitu. Na papa, uko pale karibu na mlango, ninakushukuru, na bado umekosea.

Ninyi mnaoambiwa mnyamaze kwa sababu mlikuja mji huu na mabegi, nawaambia hivi: msingoje wote wakubaliane nanyi, hata wa nyumbani kwenu. Semeni. Jumamosi tunaandamana tena, na kipaza sauti nitakishika mimi.