Mzee Verlin Haugstad, Aliyetusomea Kanuni za Dawa Kila Januari

Kila asubuhi, kabla ya kahawa, marehemu babu yetu Verlin Haugstad alifungua mlango wa nyuma, akasimama kibarazani na soksi zake, akautazama utepe wa rangi ya chungwa aliokuwa ameufunga kwenye kamba ya kuanikia nguo. Kisha akatangaza upepo. "Kusini, mdogo." Bibi Marlys, ambaye hakuwa ameuliza, alijibu kutoka jikoni: "Asante, mume wangu. Sasa funga mlango." Utepe ulipopauka kwa jua alifunga mwingine. Baadhi yenu mmepita nyuma ya nyumba asubuhi hii na mmeuona. Hakuna aliyethubutu kuufungua.

Babu alizaliwa tarehe 9 Machi 1944 huko Sorrel Bench, maili nne juu ya mji wa Tamsen, akiwa mtoto wa tatu wa Anders na Hedvig Haugstad, wakulima wa matufaha. Alikulia katika miaka ambayo baridi ya Aprili ilipotishia maua, familia nzima iliamka kuwasha majiko ya mafuta katikati ya miti. Alipenda kutusimulia asubuhi moja alipokuwa na miaka saba. Hakukuwa na upepo hata wa kutikisa jani, na moshi wa majiko haukupanda juu. Ulijilaza chini kama uji kwenye bakuli, ukateremka taratibu hadi kwa jirani, ukazitia weusi shuka zote alizokuwa ameanika. Jirani alikuja na shuka moja mkononi. "Hedvig, upepo gani huu ulioleta masizi yenu kwangu?" Mama yake Babu akasema, "Hakuna upepo." Jirani akasema, "Basi zilipakwa na malaika?" Babu alicheka kila aliposimulia. Lakini ndipo alipojua kwamba hewa iliyotulia haikai ilipo.

Alisoma shule ya msingi ya Sorrel Bench, chumba kimoja na mwalimu mmoja, kisha sekondari ya Tamsen, alikomaliza mwaka 1962. Mwaka 1966 alipata shahada ya elimu ya wadudu katika chuo cha jimbo. Alilitumikia jeshi miaka miwili nchini Ujerumani kama karani wa ghala, na kutoka huko alirudi na mazoea ya kusoma maelekezo yote hadi mwisho, hata ya sanduku la kiberiti.

Tarehe 14 Juni 1969 alifunga ndoa na Marlys Dufresne katika kanisa hili la Kilutheri. Walikutana kwenye kiwanda cha kupakia matunda, ambako Bibi alikuwa akichambua mapeasi. Bibi anasema alimpenda kwa sababu hakuwa mtu wa maneno mengi, halafu akagundua kwamba maneno yote alikuwa akiyaweka akiba kwa ajili ya Januari. Walijaliwa watoto wawili, baba yangu Dale na shangazi Noreen.

Mwaka 1971 Babu aliajiriwa na jimbo kuwa mkaguzi wa viuatilifu katika bonde letu, kazi aliyoifanya hadi alipostaafu mwaka 2014. Alikagua mashine, maghala ya dawa na mitaro. Lakini wengi wenu mnamkumbuka kwa mkutano wa Januari katika ukumbi wa wakulima, ambao mwenye leseni ya kupiga dawa asipouhudhuria leseni yake inakufa. Babu alisimama mbele na miwani puani, akasoma mabadiliko ya mwaka: dawa ipi imeondolewa, glavu za aina gani, siku ngapi zipite kabla ya wafanyakazi kurudi mashambani, ombi lipi sasa lipelekwe ofisi ipi. Alisoma kila kifungu, pamoja na vile vilivyofutwa, kwa sababu, alisema, mtu huendelea kutii kanuni iliyokufa kwa kutoambiwa kwamba imezikwa.

Nilipokuwa mdogo alinichukua nimsaidie kugawa donati. Wakulima walimsubiri mlangoni.

"Verlin, mwaka huu mmetukataza nini tena? Kupumua?"

"Bado," Babu alisema. "Kupumua kuko kwenye hatua ya maoni ya wananchi."

"Na kulala je? Maana mimi nimeujia usingizi."

"Lala, Harlan. Ila ukikoroma nakupunguzia saa za mafunzo."

Huyo alikuwa Harlan Quist, jirani yetu ng'ambo ya mfereji, ambaye leo ni mmoja wa waliombeba Babu.

Tarehe 3 Juni 1998, alfajiri, Mzee Harlan alipiga dawa katika mapeasi yake. Anga lilikuwa safi na hewa baridi, bila upepo wowote. Bibi anakumbuka kwamba asubuhi hiyo Babu hakutangaza upepo, naye Bibi akadhani mumewe amesahau. Katika shamba la chini, ambalo si la Mzee Harlan, kundi la wafanyakazi lilikuwa limekwisha panda ngazi kupunguza matunda machanga. Dawa haikutawanyika. Ilijilaza, ikateremka, ikawakuta juu ya ngazi. Tisa walipelekwa hospitali. Wanane walirudi kazini baada ya siku chache. Wa tisa, msimamizi wao, Bi Amparo Villaseñor, hajapanda ngazi tena hadi leo, maana mapafu yake hayampi pumzi ya kufika juu. Daktari alisema huenda ni ile dawa. Neno "huenda" halina mahali pa kukaa katika sheria.

Babu ndiye aliyetumwa kuchunguza. Mzee Harlan amenipa ruhusa nieleze walichozungumza wakiwa wamesimama kando ya mashine yake ya kupigia dawa.

"Verlin, nilisubiri upepo utulie. Si ndivyo ulivyotusomea Januari?"

"Ndivyo nilivyosoma."

"Mlisema ukizidi maili kumi kwa saa tusipige. Haukufika hata moja. Sasa mimi nimekosa nini?"

"Hujakosa kitu, Harlan."

"Mbona basi unaniangalia hivyo?"

"Sikuangalii wewe."

Aliandika kwamba hakuna kanuni iliyovunjwa, na ilikuwa kweli. Mwezi uleule alipendekeza kanuni mpya ya mistari miwili: hewa ikitulia kabisa alfajiri, hakuna kupiga dawa mpaka jua lipashe ardhi na upepo uanze kutembea. Alidhani ingeingia Januari.

Januari ya 1999 Bi Amparo alikuja ukumbini. Hakuwa na leseni wala haja ya saa za mafunzo. Alikaa safu ya mbele, mkoba mapajani, akasikiliza kila kifungu mpaka mwisho. Watu walipokuwa wakitoka alimfuata Babu.

"Bwana Verlin, imo?"

"Haimo. Wanaichunguza."

"Haya. Tutaonana mwakani."

Akaja mwakani. Haikuwamo, fedha za utafiti zilikuwa zimekwisha. Mwaka uliofuata walitaka kwanza ifafanuliwe hewa iliyotulia ni ipi. Kisha ikafafanuliwa, wakulima wa cheri wa kaskazini wakaipinga, na ikarudishwa kwenye maoni ya wananchi. Kisha mkuu wa idara akabadilishwa na mpya akataka kuanza upya. Babu aliiandika tena kila mwaka na kuipeleka, akajibu kila swali aliloulizwa. Hakuwa mtu wa kupiga meza. Pengine ingesaidia, pengine isingesaidia. Desemba yalipofika mabadiliko ya mwaka ujao, aliyasoma mezani kuanzia mwisho kwenda mwanzo, na Bibi aliyajua majibu kwa jinsi alivyoikunja miwani. Donati nilizigawa mimi, na mara nyingi nilisimama karibu nikamsikia Bi Amparo akiuliza, "Imo?" na Babu akijibu, "Haimo." Bi Amparo hakuwahi kuchukua donati. Wakulima walizoea kumwachia kiti chake, na mwaka mmoja mgeni alipokikalia, Mzee Harlan alimgusa bega: "Ndugu, hapo pana mwenyewe."

Mwaka 2011 iliingia. Babu aliisoma kwa sauti isiyo tofauti na ile ya glavu. Mlangoni Bi Amparo hakuuliza kama imo, kwa kuwa alikuwa ameisikia. Aliuliza jingine.

"Mbona umesoma 'inashauriwa'? Zile nyingine umesoma 'ni marufuku'."

"Ndivyo walivyoipitisha. Imeingia kama ushauri."

"Na mtu asiposhika ushauri?"

"Naandika jina lake, halafu narudi nyumbani."

Bi Amparo alifunga vifungo vya koti lake kimoja kimoja. "Haya," alisema. "Basi haimo."

"Haimo," Babu akakubali.

Alipostaafu alipewa saa ya ukutani na keki. Januari iliyofuata alivaa koti akaenda ukumbini kama mtu yeyote, akakaa safu ya mbele karibu na Bi Amparo, akamsikiliza mkaguzi mpya, kijana mwema anayesoma haraka. Wakawa wanakaa pamoja kila mwaka. Bi Amparo alimletea tamale, unga wa mahindi uliopikwa ndani ya maganda yake, katika kopo, yeye akamwekea kiti kilicho karibu na hita. Mzee Harlan alikaa nyuma yao. Tangu ule mwaka wa 1998 hajapiga dawa alfajiri isiyo na upepo, na kila anayemuuliza sababu humwambia ni mgongo.

Mwaka 2022 moyo wa Babu ulianza kushindwa. Miguu ilivimba, akawa analala ameketi. Alilazwa mara tatu, na Novemba iliyopita madaktari walisema aende nyumbani. Tulimhamishia kwenye kitanda cha dirishani, mahali anapoweza kuiona kamba ya nguo, naye akaendelea kutangaza upepo, sauti ikipungua. Januari hii hakuweza kwenda ukumbini. Bi Amparo alikwenda peke yake, na alipotoka alipitia nyumbani. Alisimama kwanza mlangoni ili apate pumzi. Babu ndiye aliyeuliza.

"Imo?"

"Haimo, Verlin."

"Wamesemaje?"

"Wamesema wataiangalia."

"Haya," Babu alisema. "Kaa, upumzike."

Alifariki nyumbani Ijumaa, tarehe 17 Mei 2024, saa moja asubuhi, Bibi akiwa ameushika mkono wake. Kulikuwa na upepo wa magharibi, mdogo. Alitangaza Bibi, kwa vile mwenye kutangaza alikuwa amekwisha kunyamaza.

Ameacha mjane, Bibi Marlys, aliyeishi naye karibu miaka hamsini na mitano, watoto, Dale na Noreen, wakwe, Patrice na Glenn, wajukuu, Kirsten, Nels na mimi, Annika, kitukuu, Soren, na dada yake, Bibi Ingrid wa Sorrel Bench. Familia inamshukuru muuguzi aliyekuja kila siku kwenye theluji, kanisa hili, Mzee Harlan Quist, na Bi Amparo Villaseñor, ambaye tumemwomba aketi nasi safu ya mbele. Mungu ampe Babu pumziko lisilosubiri maoni ya mtu yeyote.

Limebaki jambo moja ambalo Babu alitaka lisomwe. Mwezi Aprili nilimuuliza swali, swali pekee nililowahi kumuuliza kuhusu kazi yake. Jibu lake nililipeleka kwanza jikoni kwa Bi Amparo, kwa kuwa haikuwa haki alisikie kwa mara ya kwanza hapa mbele ya watu. Alinisikiliza huku akimenya viazi. "Lisome, binti," alisema. "Mimi aliniambia zamani, hospitalini, hata mpira wa oksijeni sijavuliwa. Unadhani Januari zote zile nilikuwa nafuata nini? Nilimwambia, basi utanisomea mpaka kanuni iingie."

Nilimuuliza hivi: "Babu, asubuhi ile, utepe ulikuwaje?"

Aliitazama kamba ya nguo dirishani.

"Ulikuwa umelala," alisema. "Niliuona. Nikasikia mashine ya Harlan inawashwa, nikafunga mlango."