Jibu la Damu ya Anande

Mgeni rasmi, Dokta Kandida, mkuu wa utafiti wa kifua kikuu, shikamoo. Sisi akina mama wa huku juu ya Nkoaranga tunakukaribisha. Ndizi ziko jikoni. Utaona kila mmoja wetu amevaa sweta la mikono mirefu, sababu tutaisema.

TULIKOTOKA

Vijana wako walikuja masika wakachukua damu ya watoto wetu. Tulikubali kwa sababu nesi Lilian, binti wa hapa hapa, alisimama akasema, "Hawa nawajua."

TULICHOJIFUNZA

Nesi alitufundisha, tunashukuru. Ndani ya damu kuna askari waitwao seli T. Askari huyu hamwoni kijidudu kizima. Seli nyingine humla kijidudu, humkatakata, kisha hushika kipande nje ya ngozi yake, kama tunavyomwonyesha mnunuzi kahawa kiganjani. Kila askari anajua kipande cha aina yake tu. Na hata akikitambua, haamki sawasawa mpaka yule anayemwonyesha atoe ishara ya pili ya kuthibitisha. Akiipata, anazaana, wanakuwa jeshi. Akiikosa, anapooza.

Bibi Tabea alicheka: "Kumbe wanatuzidi akili! Sisi tuliamka kwa ishara moja tu, neno la nesi."

KINACHOTUTIA SHAKA

Mlisema damu itaonyeshwa vipande vya kifua kikuu, ijulikane kama askari wa mtoto wameshawahi kukutana nacho. Anande, mtoto wa Elinipa, anakohoa tangu wakati ule. Hospitali wanauliza kile kipimo kilisemaje, hatuna la kujibu. Kijana wenu mwenye boksi la barafu la kubebea damu alipopita tena, Elinipa alimuuliza, "Baba, damu ya mwanangu imesema nini?"

"Subiri mama, bado inachambuliwa."

Bibi Tabea akadakia, "Inachambuliwa kama mchele wa harusi?"

Boksi likapanda gari. Nesi Lilian akahamishwa. Leo mmerudi na mabomba mapya ya sindano, na hakuna wa kutuambia "nawajua". Hatusemi mmeficha kitu. Tunasema tunaangalia.

OMBI

Ni moja. Elinipa amekaa mbele, Anande yuko mapajani. Mwite pembeni, umwambie jibu la mtoto wake. Gari tumeliona, koti jeupe tumeliona, hicho ni kipande. Jibu la Anande ndilo ishara ya pili. Mpaka alisikie, mikono ya sweta haikunjwi.

Mungu akulinde wewe uliyepanda mlima kutufikia, na ampe Anande usingizi usiokatwa na kikohozi.

Ni sisi, Akina Mama wa Kitongoji cha Juu, tunaokutazama sasa hivi.
Imesomwa na Nice Sumari.