Kompyuta Yetu Isipakiwe Garini

Mgeni rasmi, viongozi wa meza kuu, na ninyi majirani mliosimama mlangoni kwa kukosa viti, karibuni katika chumba chetu cha kushonea. Mtuwie radhi kwa joto, pasi ziko motoni.

TULIKOTOKA

Sisi ni kina mama na kina bibi washonaji. Cherehani zetu nyingi tumezirithi kwa mama wakwe. Mkanda ukikatika tunabadilisha mkanda, hatutupi cherehani.

Kompyuta za kutunzia vipimo vya wateja ofisi yako imetuletea mara tatu, nasi mara tatu tumeshukuru. Zote zimekufa. Ya mwisho iliharibika kitufe kimoja tu. Tukamuuliza afisa wako, "Mwanangu, hii inafunguliwa wapi?"

"Haifunguliwi, bibi. Imebandikwa kwa gundi."

"Sasa ikiugua?"

"Mnasubiri mpya."

Mgeni rasmi, kusubiri mpya kumetuchosha.

TULIYOFANYA

Tulimwita fundi redio wa mtaa huu, tukamweleza tunachotaka: kompyuta ya boksi la bati, vitufe vya kung'oa kimoja kimoja, na skrubu zote za saizi moja, zinazofunguka kwa bisibisi ya cherehani, maana hiyo kila mmoja wetu anayo. Alicheka, lakini akaiunda.

Mwanzoni tuliiharibu wenyewe. Tuliitia mafuta kama tunavyotia cherehani, ikazima. Fundi akanuna kutwa nzima, kisha akang'oa kipande kilicholowa, akaweka kingine, ikawaka. Hapo ndipo tulipoiamini. Haina mapambo. Inaandika, inahesabu, inatunza vipimo, basi. Wajukuu wetu wataikuta.

KINACHOTUSUMBUA

Afisa ametuambia tusipoitoa hii ikachukuliwe hatupati mpya, na kwamba hili "kopo" letu, ndivyo anavyoiita, litaharibu picha za makabidhiano ya leo. Humo kwenye kopo ndimo vilimo vipimo vya mtaa mzima, na vya sare za shule tunazotakiwa kuzimaliza wiki hii. Tumemweleza. Anasema, "Mtapima upya." Watoto wote hao, mgeni rasmi, tuwapange mstari upya?

OMBI

Tulikuwa na maombi mengi, tumeyapunguza limebaki moja. Kompyuta iko mezani mbele yako, inawaka. Bisibisi hiyo hapo, ifungue uione. Mpya zako tutazipokea kwa mikono miwili, hatukukosa adabu. Lakini gari la ofisi limerudi kinyumenyume mpaka mlangoni kwetu, na nyuma limeshafunguliwa. Tunaomba liondoke tupu.

Mungu akujalie afya, akufikishe kwako salama.

Ni sisi,
Washonaji wa Chumba cha Nyuma