Binti Kaleta Kumi na Nne

Muuza mayai alifumba macho basini kama kasinzia, ila sikio kalitega kiti cha mbele, ambako seremala alikuwa akimlalamikia mama aliyekaa naye.

"Dada yangu, kijana wangu alimaliza kidato cha nne na pointi saba, tukamfanyia sherehe. Sasa binti kamaliza cha sita, kaniletea kumi na nne, eti za kuingilia chuo kikuu. Tangu jana nimemnunia."

"Mzee wangu, za kidato cha nne zikiwa chache ndiyo sifa. Za kuingilia chuo kikuu zinageuzwa, A moja ni tano. Masomo matatu, mwisho kumi na tano."

Seremala akahesabu vidole, akarudia. "Basi aliyezigeuza ndiye wa kununiwa."

"Binti hakukueleza?"

"Angeanzia wapi, na mimi nafoka?"

Basi likasimama. Kazini kwake bado mbali, lakini seremala akashuka, akavuka barabara, akajiunga na wanaosubiri mabasi ya kurudi.