Mwalimu Wandera na Siku Cucu Alipogoma

Baada ya miaka thelathini na mmoja ya kufundisha uchoraji hapa chuoni, Mwalimu Gilbert Wandera anastaafu Ijumaa hii, tarehe 28 Novemba. Alitoka Busia akafika Nyeri mwezi wa Julai akiwa na shati la mikono mifupi, na baridi yetu ikampokea vilivyo. Sweta aliyoazimwa na mpishi wiki hiyo hajairudisha mpaka leo.

Alianza kwa kufundisha uchoraji wa mabango ya maduka. Kompyuta zilipoletwa, wengi wetu tulizifunika vitambaa. Yeye alizifunua, akajifunza kutengeneza katuni zinazotembea, kisha akaanzisha kozi ambayo sasa inajaza darasa. Sifa zake ni nyingi, na ubishi wake pia. Mimi Njoki, niliyegawana naye ofisi, nimeuonja kuliko wote.

Sitasahau siku ya Watiri. Alikuwa mwanafunzi wa mwaka wa mwisho, na bila katuni yake asingehitimu. Mhusika wake, Cucu, alikuwa mama mzee anayekwenda soko la Karatina na gunia la viazi mgongoni, ukanda umepita kichwani, mikono yote miwili imeushika karibu na masikio. Hadithi ilitaka atue gunia, ageuke, amsalimu jirani. Lakini asubuhi ya mtihani, kila Cucu alipogeuza kichwa, viganja vilikifuata, vikinyumbuka kama unga wa chapati. Watahini walikuwa wameshafika. Bahati pekee ni kwamba zamu ya Watiri ilikuwa ya mwisho.

Wandera alimtaka aonyeshe mifupa peke yake, yaani vijiti vya ndani vinavyomwendesha mhusika kwenye kompyuta, bila ngozi, ile picha inayovishwa juu yake. Mifupa ilitembea sawasawa, kwa hiyo kosa lilikuwa kwenye ngozi. Watiri alikuwa amemchora Cucu akiwa tayari ameshika ukanda, na kompyuta, kwa kuona viganja viko karibu na kichwa, ikavifunga kwenye mfupa wa kichwa. Ilibidi ngozi yote ibanduliwe, mikono inyooshwe mbali na kichwa, iunganishwe upya, kisha ichezeshwe tena tangu mwanzo.

Watiri alianza kulia. Wandera angeimaliza kazi ile upesi, nami nilimwambia hivyo kwa ukali. Nilikasirika kweli.

“Mwalimu, si unirekebishie tu,” Watiri akamsihi. “Nitarudia mwaka mzima.”

“Nikishika mimi, inakuwa yangu,” akasema. “Bandua.”

Akasimama nyuma ya kiti cha Watiri, mikono mgongoni. Watiri alibandua. Alipoitwa, alikuwa bado anapanga kidole cha mwisho cha Cucu.

Cucu alitua gunia, akageuka, akainua mkono. Kisha mtahini mmoja akafanya jambo ambalo hatukulitarajia: akamwambia Watiri aitenganishe mikono ile na mifupa na kuiunganisha tena mbele yake, ili ajue kazi ni ya nani. Watiri akaketi, akafanya bila kumtazama mtu.

Wandera hakuyaona hayo. Nilimkuta nyuma ya jikoni, ameegemea ukuta, analia. Nikamwambia binti amepita.

Mwalimu, tunakushukuru kwa kozi, kwa uvumilivu, na kwa ubishi. Nenda salama Busia, uishi vyema miaka mingi. Muhula ujao Watiri ndiye atakayeshika darasa lako. Ameomba usibadilishe nambari ya simu, nami nimemwambia akupigie akikwama, ila asitarajie umrekebishie.